Mama Vifungo na Ulimwengu Usio na Katikati

Ndugu waombolezaji, majirani na wanafunzi wa zamani mliofika, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, mwalimu wa fizikia ambaye wengi mlimwita Mama Vifungo, naye aliacha ameagiza kwamba atakayesoma asithubutu kusema alikuwa mpole.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo cherehani ilikaa mlangoni kufuata mwanga, akaanza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na sekondari, na mjomba wake alipotaka aishie hapo kwa kuwa fizikia haijazi sufuria, alifunga sanduku lake mwenyewe akaenda chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1975.

Januari 1976 alipangiwa shule ya sekondari isiyo na kifaa hata kimoja cha maabara, ndipo akaenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kuomba mpira wa ndani uliochakaa.

"Kwani una baiskeli ngapi, mwalimu?" fundi akauliza.

"Sina hata moja, nataka kutanua ulimwengu."

Fundi alicheka hadi spana ikamtoka mkononi, akampa mpira, wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu na mimi ninayesoma.

Mpira ule aliukata ukawa ukanda mrefu, akaushonea vifungo kwa nafasi sawa, kila kifungo kikiwa ni kundi kubwa la nyota, kisha wanafunzi wawili wakavuta ncha polepole, na wengine, kila mmoja akiwa na kifungo chake, wakaona vingine vyote vinawakimbia, vya karibu kidogo, vya mbali kwa kasi zaidi, ilhali vifungo vyenyewe havikui, kinachotanuka ni nafasi iliyo kati yavyo. Mmoja akapiga kelele, "Katikati ni kwangu!" mwenzake akabisha, "Wapi, ni kwangu!" na mwalimu akawaambia, "Kila mtu anaona hivyo, kwa hiyo msimwamini anayejiita katikati."

Somo hilo alilirudia mwaka baada ya mwaka, hadi maneno hayo yakamfikia mwenyekiti wa bodi ya shule, akahisi yamemlenga yeye, na Machi 1984 mkuu wa shule akamwamuru mama aache michezo isiyotoka kwenye mtihani, tena aombe radhi mbele ya shule nzima. Baba alimsihi, "Mke wangu, kubali yaishe," naye akajibu, "Yataisha, ila si kwa mimi kukubali." Asubuhi ya paredi alisimama akiwa amenyoosha shingo, akasema, "Nimeambiwa niombe radhi, nami naomba radhi kwamba mpira ulikuwa mfupi, nitatafuta mrefu zaidi."

Wanafunzi wakaangua kicheko, na kwa kicheko kile alinyang'anywa darasa, akapewa funguo za stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha, akakaa humo miaka sita, na kila aliyeingia kuazima kitabu alitoka akiwa ameuvuta ukanda ule wa vifungo. Bodi ilipobadilishwa mwaka 1990 alirudi darasani, hakuna aliyemwambia pole, wala hakungoja kuambiwa, akafundisha hadi alipostaafu Mei 2013.

Baba alitutoka mwaka 2016, na mwaka 2021 mama akaanza kuugua figo. Wodini alichukua bandeji ya kuvutika, akaitia nukta kwa kalamu, akawavutisha wagonjwa wenzake, na muuguzi alipomkemea, "Mama, bandeji ni za wagonjwa," akamuuliza, "Kwani mimi nimekuja harusini?" Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, dada yangu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliotupokea, na walimu wenzake, hasa mliompelekea chaki stoo wakati ilipokuwa marufuku, na ninyi mliokaa kimya, familia haina neno nanyi, mwenye neno alikuwa yeye, na alishawaambia. Jana wazee wenye nia njema walituomba habari ya stoo tuiruke, tumeisoma yote. Pumzika, mama, kwa amani yako.