Bao la Manase na Maji ya Kigombe

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Manase Mhina anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliingia ofisi yetu ya simu ya Raskazone mwaka 1991 akipanda nguzo za simu, na cheti chake cha ufundi hakijawahi kupata mwenzake. Mimi nina shahada mbili. Hata hivyo, wageni wa makao makuu wakishuka garini huuliza kwanza, "Manase yuko wapi?"

Mnalikumbuka bao la Kigombe. Zahanati imejificha nyuma ya kilima, na mtandao wa mnara ulio ng'ambo ya ghuba haukuifikia. Tukafunga bao la kuakisi kwenye ukuta wa soko la samaki. Halitoi mawimbi yake. Hupokea ya mnara na kuyageuzia zahanati, na kompyuta hulibadilisha mwelekeo bila mtu kuligusa. Hesabu zilikuwa zangu. Asubuhi ya majaribio lilifanya kazi, nikapigiwa makofi.

Wiki haikuisha. Muuguzi Asmahani alikuwa na mzazi anayevuja damu, simu haishiki, ikabidi akimbie hadi barabarani kuita gari la wagonjwa. Kesho yake akaniambia, "Baba, maji yakijaa mtandao wenu unakwenda zake." Nikamjibu kwamba mnara haujui bamvua, maji yajae yasijae. Yule mzazi alipona. Jibu langu halijapona.

Manase hakumcheka Asmahani. Alikaa Kigombe wiki mbili, akala pweza wa watu, akaandika daftarini kila saa maji yalipofikia. Akagundua kuwa bahari ikijaa nayo huakisi mawimbi ya mnara, yakagongana kwenye bao na yale yanayokuja moja kwa moja, yakafutana. Mimi nilipima maji yakiwa yamekupwa. Akalipanga bao libadilike pamoja na bahari, na tangu hapo zahanati haijakosa mtandao. Kijijini wanaliita Bao la Manase.

Atakayeona wivu humu asijidhanie mjanja, umo. Taaluma yetu imejaa watu wanaoipima dunia ikiwa imetulia, kisha wakailaumu ikisogea. Mmoja wao ndiye anayeandika.

Lile daftari nilidhani ataniachia mimi. Wiki iliyopita alimpelekea Asmahani. "Yeye alisema kweli mwanzo," akatuambia, "sisi tulichelewa kusikia."

Asante, Fundi. Nenda nyumbani Muheza ukapumzike kwa afya na furaha. Nikikwama nitakupigia, maji yajae au yakupwe.