Nambari Iliyoandikwa Kwenye Kibao

Tumekusanyika hapa Kisaju kumsindikiza Nalotuesha Tajeu, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Saruni, na wengine, tuseme ukweli, mnamjua kwa nambari ya simu tu.

Alizaliwa Oltepesi mwezi wa Aprili 1958, akasoma hadi darasa la nne, akaacha masomo mwaka wa 1970 ili achunge ndama, na tarehe 11 Desemba 1976 akaolewa na marehemu Tajeu, wakajaliwa watoto watatu, Saruni, Eunice na Seleyian, aliowasomesha kwa kuuza maziwa mjini Kitengela.

Tarehe 3 Machi 2014 ng'ombe wake wa maziwa, Mugie, alikufa akiwa amevimba tumbo, na alipopasuliwa ikatolewa mifuko ya plastiki ya kujaza beseni. Jumamosi iliyofuata mama alichukua gunia akaanza kuokota takataka kando ya barabara ya Namanga, akafuatwa na akina mama sita, jirani yake Dolphine akiwa wa kwanza, bila mshahara wala glavu.

Mwaka wa 2018 sisi wa familia, kwa kumheshimu, tulimsimamishia kibao karibu na stegi ya matatu, kikisema barabara hii hutunzwa na Mama Saruni, na chini yake tukaandika nambari yake. Hapo ndipo tulipokosea. Watu walianza kutupa wakijua kuna mwenye kuokota, na gunia lisipoonekana mapema walipiga simu kulalamika, wengine kwa ukali, kana kwamba wamemwajiri, nao wenzake wakachoka mmoja mmoja, mpaka wakabaki yeye na Dolphine.

Dada yake mdogo aliyeko Loitokitok alimjengea chumba mwaka wa 2019 ili aende apumzike, na mara nne mama alifunga mzigo, na mara nne simu ikalia, akaufungua. Alimwambia Eunice kwamba amefungwa kamba kama ndama, tena na watu wanaompenda, na kwamba akiondoka ng'ombe wa mtu atakufa. Tulifunzwa kutenda wema na kwenda zetu. Mama alitenda, kwenda ndiko kulikomshinda, na sisi tuliokuwa tukimpigia makofi kanisani tunaona aibu.

Alianza kuugua kifua Januari 2025, akalazwa hospitalini Kajiado tarehe 6 Mei, na tarehe 18 Mei, saa nne asubuhi, mtu alipiga simu kulalamikia lundo la nepi pale stegi, naye mama akamwomba Eunice ampe viatu. Alifika mlango wa wodi, akarudishwa kitandani, akafariki siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 67.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wauza maziwa wenzake, na hasa Dolphine, ambaye hakuliweka gunia chini hadi mwisho. Jana Saruni aling'oa kile kibao. Chupa za maji mlizopewa leo, tunaomba kila mmoja aondoke na yake, kwa kuwa aliyekuwa akiziokota ndiye huyu tunayemzika.

Mama, pumzika kwa amani, simu tumeizima.