Bwana Alinipeleka Chuo cha Biashara na Pasi Yangu ya Kweli

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana ninyi wa karibu na mlango hamjaitika. Amina.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni Yunisi, ninayeimba sauti ya pili kwenye kwaya, yule ambaye mmekuwa mkinunua kwake asali hapo nje baada ya ibada. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, lakini nikizidisha mnivumilie, kwa sababu jambo hili nililibana kifuani miaka sita na leo nalitoa lote.

Nimezaliwa Kiomboi. Baba yangu ni mkulima wa alizeti na ni mzee wa kanisa. Katika watoto wake, mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Siku naondoka alinisindikiza mpaka stendi amevaa koti lake la Krismasi, na jua la mwezi wa kumi mnalijua lilivyo! Jasho linamtoka, anacheka, anamwambia kila abiria, "Huyu anakwenda kusomea biashara." Hata kondakta aliambiwa.

Sasa sitawadanganya kwamba huko chuoni niliumwa, au nilirogwa. Sikurogwa, ndugu zangu. Nilicheza! Kila safari ya kwaya ya chuo nilikuwemo. Nilisuka nywele za bweni zima. Hesabu niliziogopa tangu sekondari, na kitu unachokiogopa hukisomi, unakipita kwa mbali kama mbwa mkali. Somo la takwimu nilifanya sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha nikarudia sapu yenyewe. Mwaka wa tatu ulipokwisha nikatoka na Pasi. Kwa asiyejua, kuna Daraja la Kwanza, kuna la Pili la Juu, kuna la Pili la Chini, halafu chini kabisa, pale kwenye kizingiti, ndipo ilipo Pasi. Ukiteleza kidogo tu, uko nje.

Baba akapiga simu. "Mwanangu, umefaulu?"

"Nimefaulu, Baba."

"Daraja gani?"

Ndugu zangu, mdomo huu huu unaowaimbia ulisema, "La Pili la Juu."

Sikupanga. Lilitoka. Nikadhani litapita kama maneno mengine yanavyopita. Kumbe Jumapili iliyofuata Baba alipeleka gunia la alizeti madhabahuni, sadaka ya shukrani, akasimama mbele ya kanisa zima la Kiomboi akataja jina langu na daraja langu. Daraja la uongo likaombewa! Tangu hapo kila nikienda nyumbani watu wananiambia, "Yunisi, hongera bado tunayo," na mimi naitikia asante huku natazama chini.

Kazi nilitafuta mpaka viatu vikaisha soli. Kila tangazo lilitaka daraja nisilokuwa nalo. Nikahamia hapa Utemini, nikapanga chumba. Dada yangu aliyeolewa Rungwa akanitumia ndoo mbili za asali, akasema, "Jaribu kuuza, huku nyuki hawana shida na vyeti." Nikauza. Nikaagiza nyingine. Baadaye wafugaji nyuki wa kule wakaunda kikundi wakaniambia, "Binti, wewe ndiye utakuwa mtu wetu wa soko." Na Mungu akaibariki kazi ile, tukafika kuuza Dodoma, tukafika Dar es Salaam.

Halafu mnunuzi mmoja mkubwa akatutaka. Akasema, "Niandikie mpango wa biashara wa miaka mitano." Nilikaa na karatasi nyeupe siku tatu. Siku ya nne ilikuwa bado nyeupe! Ndipo nikakiri moyoni: nina kazi nzuri mkononi, lakini sijui ninachokifanya. Nikatamani kurudi shule. Nikaona tangazo la chuo kimoja, shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya wikendi. Nikasoma mstari wa kwanza wa sifa za mwombaji, unaotaja alama za chini kabisa, nikaona zangu hazifiki. Nikalifunga tangazo.

Na shetani naye hakosi ofisi. Nilikwenda steshenari moja mjini kutoa nakala ya vyeti vyangu, maana hamu ya chuo ilikuwa haijaniisha. Kijana mwenye duka akatazama matokeo yangu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa kama daktari, "Dada, hii itakuangusha. Niachie mpaka Jumatatu, nitakutengenezea nzuri. Hata aliyeitoa hataijua."

Nikamwachia. Ndiyo, ndugu zangu. Nikaacha karatasi yangu kwake nikatoka nje nikijiambia kwamba huo ni msaada.

Jumapili yake, bila kunitaarifu, Baba akaja. Mnakumbuka siku ile mgeni alisimama hapa kusalimia akiwa na koti zito? Ndiye yeye. Akawaambia, "Mimi ni baba wa Yunisi, aliyepata Daraja la Pili la Juu." Nanyi mkapiga makofi! Mlipiga makofi mengi sana. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kwaya na kila kofi nililisikia shavuni. Wimbo wetu ulipofika sikuweza kusimama. Sauti ya pili siku ile haikuwepo, mwalimu wa kwaya ni shahidi.

Tulipofika chumbani kwangu nikampa Baba maji, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Pasi. Sapu. Steshenari. Sikubakiza.

Baba alivua kofia, akaishika mkononi. Nilitegemea anipigie kelele. Angenipigia kelele ingekuwa nafuu. Akasema taratibu, "Yunisi. Miaka sita namshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukitoa. Sasa nitamwambia nini?"

Nililia. Yeye hakulia. Akanywa maji yote, akaweka kikombe chini, akauliza, "Hiyo karatasi ya kweli iko wapi?"

"Iko dukani kwa yule kijana."

"Kesho asubuhi tunaifuata."

Ndugu zangu, Jumatatu tulikuwa pale kabla duka halijafunguliwa. Kijana alipomwona mzee mwenye koti akashtuka, akasema, "Shikamoo mzee." Baba akajibu, "Marahaba, mwanangu. Naomba matokeo ya binti yangu. Nipe yale mabaya."

Yule kijana akainama. Akatoa bahasha chini ya meza. Kazi yake alikuwa hajaianza, Bwana ni mwaminifu! Baba akafungua, akavaa miwani, akasoma karatasi yangu palepale barazani, somo moja baada ya jingine, kama anasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Alipofika kwenye takwimu akaguna. Halafu akasema, "Na hilo tangazo la chuo unalo?" Nikalitoa kwenye simu. Akalisoma nalo. Baba yangu akianza kusoma kitu hakiachi njiani. Hata karatasi ya dawa huisoma mpaka jina la kiwanda.

Akafika chini kabisa. "Hapa wameandika nini?" Nikaangalia. Iliandikwa kwamba mwenye alama pungufu, kama ana uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, anaweza kuomba, na ataitwa kwenye usaili.

Nilikuwa sijafika huko! Aibu ilinizuia kwenye mstari wa kwanza, na mlango ulikuwa mstari wa mwisho. Haleluya! Nilikaa kwenye ngazi za lile duka nikacheka na kulia kwa pamoja, wapita njia wakadhani nimefiwa.

Baba akasema, "Peleka hiyo hiyo. Lakini Kiomboi utakwenda mwenyewe kusema. Mimi sisemi tena kwa niaba yako."

Nikaenda. Nikasimama pale pale alipowahi kuweka gunia, nikaliambia kanisa ukweli. Nilipomaliza, bibi mmoja wa kiti cha mbele akauliza kwa sauti, "Hiyo Pasi, si maana yake umepasi?" Kanisa zima likaangua kicheko! Bibi yule alikuwa anauliza kwa dhati. Wakaja wakanikumbatia mmoja mmoja, na siku ile niliwatazama wote machoni. Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Chuo bado kilikuwa hakijajibu, na mimi nilikuwa tayari huru.

Chuo kikajibu: nimeitwa usaili. Mbele yangu walikaa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole wa sura na mkali wa maneno. Akaishika karatasi yangu, akasema, "Takwimu umeanguka mara mbili. Kwa nini tukupokee?"

Nikasema, "Mama, ni kweli. Sikusoma, nilicheza."

Wakatazamana. Akasema, "Haya. Nieleze kosa lolote kubwa ulilowahi kufanya kwenye kazi yako."

Nikawaeleza habari ya asali iliyorudishwa. Kuna msimu mnunuzi alirudisha mzigo wetu wote, akasema asali ina maji, inachacha. Nilikasirika, nikasafiri kupitia Itigi mpaka Rungwa nikawagombeze wafugaji. Nikakaa nao wiki nzima, nikaenda nao kwenye mizinga. Nikaona wanavuna masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, asali haijaiva. Nikauliza, "Wazee, mbona mnavuna mapema?" Mzee mmoja akanijibu, "Si wewe unayenunua kwa anayewahi? Tukisubiri iive, tunakuta ndoo zako zimejaa."

"Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwenye kosa," nikawaambia wale wasaili, "nikakuta ni mimi. Tangu hapo kila mfugaji ana nafasi yake hata akichelewa, na hakuna ndoo inayopokelewa kabla akina mama wawili wa kikundi hawajayakagua masega. Mzigo haujarudi tena."

Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema, "Hilo ndilo tunalolifundisha mwaka mzima, na wengine wanatoka hawajalielewa." Kisha akaikata furaha yangu, "Lakini hesabu hujui."

"Sijui, Mama."

"Kuna kozi ya maandalizi ya hesabu, miezi mitatu. Ukiifaulu, nafasi yako ipo. Usipoifaulu, urudi kwa nyuki wako."

Ndugu zangu, hapo nataka nimshukuru mtu ambaye hayumo humu ndani. Jirani yangu Mwalimu Hadija, anayefundisha hesabu sekondari. Mnamjua, nyumba yenye geti la kijani. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, nimekuja unifundishe kuanzia mwanzo." Akauliza, "Mwanzo upi?" Nikasema, "Hesabu za sehemu, nusu na robo." Akacheka mpaka akakaa. Lakini kila jioni baada ya swala ya alasiri alinifundisha barazani kwake, pamoja na wanafunzi wake wa kidato cha nne, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma kuliko wote! Wasichana wale walinisahihisha bila huruma. "Dada Yunisi, umesahau alama ya kutoa." Miezi mitatu! Siku ya mtihani Mwalimu Hadija alinifungia maandazi ya njiani, akaniambia, "Mungu akufungulie." Akanifungulia.

Majibu yalinikuta Rungwa. Kule mtandao haushiki mpaka upande juu ya kichuguu kimoja nyuma ya ghala. Nimesimama juu pale mchana kweupe, ujumbe ukaingia: umefaulu, umepokelewa. Nilipiga yowe! Nikaruka, nikapunga mikono! Wazee wa kikundi wakajua nimevamiwa na nyuki. Wakaja mbio na vifaa vyao vya moshi, wakanifukiza mimi na furaha yangu, nikawa nakohoa na kupiga kelele, "Nimepata chuo! Nimepata chuo!" Mzee mmoja akasema, "Huyu wameshamuuma kichwani."

Sasa niko muhula wa pili. Takwimu nimepata C. C yenyewe, haijatengenezwa na mtu! Mpango wa biashara tumeuandika na kikundi kizima, na mnunuzi ameukubali. Namshukuru Mungu. Namshukuru Baba yangu, aliyebeba aibu yangu bila kunitupa. Nawashukuru ninyi, mliopiga makofi ya kimakosa na leo mnapiga ya haki.

Ndugu yangu, dada yangu, kama una karatasi uliyoifungia sandukuni, iwe cheti, iwe barua, iwe majibu ya hospitali, na kila mtu akija unakaa juu ya lile sanduku, mimi siwezi kukuahidi chuo. Siwezi kukuahidi kwamba kila mlango utafunguka. Ninachokijua ni kwamba Bwana alikuwa ameshaisoma karatasi yangu yote kabla ya mtu yeyote, na hakuacha kunipenda. Mpe na yako. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakuwa pale nje upande wa kisima baada ya ibada. Njoo tu. Sitakuuliza daraja.