Mzee Giza Ameingia Kwenye Picha

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mpiga picha wa shirika letu la maji anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mzee Giza, kwa sababu nusu ya maisha yake ameyamalizia kwenye chumba cha giza, akisafisha filamu, katikati ya choo cha wanaume na kitengo cha malalamiko ya wateja. Anayeandika haya anakaa malalamiko, na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo mengi ya hapa ameyasikia kwa masikio yake.

Aliajiriwa kupiga picha matangi, pampu na mabomba kabla hayajafukiwa, ili bomba likipasuka mafundi wajue limelala wapi. Alikuja na kamera yake mwenyewe, sanduku jeusi lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, linalotumia filamu pana ya nyeusi na nyeupe. Filamu moja, picha kumi na mbili. Kumi na mbili tu, jamani! Vijana wa simu wanazimaliza hizo kabla hawajapiga chafya. Yeye alikuwa akilizunguka bomba kama mtu anayenunua ng'ombe, anainama, anainuka, anaguna, kisha anaondoka bila kupiga kitu na kurudi kesho. Wachimba mitaro walilalamika kuwa mvua inawafukia mtaro wao kabla Mzee hajaridhika na mwanga. Lakini picha ikitoka, weee! Nati zote unaziona, na kutu yake, na buibui aliyejibanza pembeni.

Kamera ile haiwekwi jichoni. Inaning'inia tumboni, na mpigaji huinamisha kichwa kuchungulia kioo kilicho juu yake. Mwenyekiti wa bodi alipotutembelea mara ya kwanza alimkuta Mzee Giza ameinama mbele yake kwa adabu isiyo kifani. Mwenyekiti, mtu aliyelelewa akaleleka, naye akainama. Mzee akasubiri mgeni ainuke apigwe picha. Mgeni akasubiri mwenyeji atangulie kuinuka. Wakakaa hivyo mpaka Mkurugenzi akakohoa. Tangu siku hiyo mwenyekiti humtaja kama mtumishi mwenye heshima kuliko wote, nasi hatukuona sababu ya kumharibia mtu sifa.

Kuna pia siku ya bomba kukauka. Picha zikitoka kwenye dawa sharti zioshwe kwa maji yanayotiririka, na siku hiyo zikiwa zimeoshwa nusu, maji yakakata. Naam, makao makuu ya shirika la maji, bombani hamna hata tone. Mzee Giza akapiga simu ya malalamiko. Tukapokea sisi, chumba cha pili, tukamwomba kwa sauti ya upole tuliyofundishwa kwamba awe mvumilivu, mafundi wako njiani. Jibu lake lilipita ukutani kabla halijafika kwenye simu, na haliandikiki katika jarida la watumishi.

Sasa tufike kwenye donge lililomkaa mwenzetu kooni. Katika picha zote alizopiga, yeye hayumo. Hata ya harusi yake! Hakumwamini mpiga picha wa kukodi, akapiga mwenyewe, na matokeo yake ukutani kwake kuna bibi harusi aliyeushika mkono wa hewa. Mama mkwe wake akipata wageni inambidi aeleze kwamba mkwe yupo, alisimama upande wa huku. Simu nazo hazikusaidia. Ukiinua simu umpige, ataona mwanga umekaa vibaya, atatoka kwenye mstari kuja kukuelekeza, mara kaishika yeye, mara wewe ndiye umesimama mahali pake unatabasamu. Kitambulisho cha kazi alijipiga mbele ya kioo, ameinama kuchungulia kamera, kwa hiyo kinaonyesha upara na sikio moja. Mlinzi mgeni getini humwomba avue kofia na ainame, amlinganishe, ndipo ampishe.

Tulicheka miaka mingi. Mwezi uliopita mkewe, shemeji yetu, alikuja ofisini, na yeye hakucheka. Alisema wajukuu wameanza kuuliza kama kweli babu alikuwa na kazi, maana kila picha ya ofisi anayoileta nyumbani ina watu wote isipokuwa babu. Anataka moja tu, mumewe yuko katikati ya wenzake, na asipoipata basi sanduku lile jeusi lisikanyage nyumbani kwake. Mzee Giza alitazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo kuwa hata yeye angependa. Ilituuma, tusifichane.

Filamu kabatini ilibaki moja, na duka alilokuwa akinunulia siku hizi linauza viatu. Kumi katika hiyo alizimalizia kwenye tangi jipya, kazi ni kazi. Zikabaki mbili. Jumatatu tukajipanga koridoni, nyuma yetu mlango wa chumba cha giza uko wazi, ndani mweusi tii. Ya kwanza alipiga yeye, watumishi wote bila yeye, kama kawaida. Kisha akamkabidhi kamera Dada wa Mapokezi, aliyekuwa amefundishwa wiki nzima kubonyeza bila kutikisa, akaja mbio kusimama kwenye pengo tulilomwachia mbele ya ule mlango. Mara mbili alitaka kuchomoka akarekebishe mwanga. Mara mbili Mkurugenzi alimdaka koti. Dada akabonyeza.

Mzee akajifungia kusafisha. Sisi tukabandika masikio ukutani. Tukasikia maji, kisha tukasikia akimwita marehemu mama yake. Alitoka na filamu inachuruzika, uso umemshuka. Miaka yote hiyo ametuhubiria kwamba ukishapiga, hapo hapo sogeza filamu. Na yeye, kwa haraka ya kukimbilia kwenye picha, hakuisogeza. Picha mbili zimekaa moja juu ya nyingine, na nafasi ya mwisho, ambayo haikupigwa, imeshaharibika kwenye dawa. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema amejiharibia mwenyewe na hana wa kumlaumu. Dada wa Mapokezi alilia. Mkurugenzi akasema potelea mbali, iwe iwavyo, tuichape.

Kesho yake, filamu ilipokauka, tulibanana wote kwenye taa nyekundu tukitazama karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa. Picha ikaanza kujitokeza. Loo! Hakuna aliyekuwa amesimama palepale mara zote mbili, kwa hiyo mhasibu ana vichwa viwili, Mkurugenzi ana macho manne, na mkono wa mtu umeota kwenye sikio la dereva. Dada wa Mapokezi, aliyekuwepo mara ya kwanza tu, unaona koti la mwenzake kupitia tumboni kwake. Lakini pale kwenye pengo, ambapo mara ya kwanza hapakuwa na kitu ila giza la mlango, amesimama mtu mmoja mzimamzima, safi, uso juu, anatutazama. Mzee Giza alikamata ukingo wa beseni akacheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye dawa.

Shemeji alipoletewa alituuliza majini haya mengine ni akina nani, kisha akaikumbatia picha na kuondoka nayo bila kungoja fremu.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi, ahsante kwa vicheko. Uende ukapumzike kwa afya na amani, wewe na shemeji. Na wajukuu wakiuliza tena, waambie babu ni yule mwenye kichwa kimoja.