Dakika Mbili na Nusu za Bosi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu mmoja umefungwa waya, limeegemea ukuta chini ya dirisha langu. Kahawa nauza mimi, na mwanangu wa miezi saba hulala upande wa ndani wa dirisha hilohilo. Wanakijiwe wamempa jina la Bosi, maana akilala wote wananong'ona. Kushoto hukaa Soli, fundi viatu, ambaye haongei sana kwa sababu mdomoni mwake kuna misumari. Katikati ni Spika, kinyozi, mtu ambaye hata siri huitangaza. Kulia ni Desimali, mzee aliyestaafu ofisi ya takwimu za mazao, asiyetaja hata umri wake bila nukta. Fundi cherehani yeye hakai benchini. Mashine yake iko barazani kwangu, hatua mbili kutoka mlangoni, na huchangia mazungumzo huku anashona. Sasa fundi huyu alikuwa anahama. Alishapata kibaraza nyuma ya ghala la saruji, mahali asipopita mteja hata wa kuuliza njia, na sababu ilikuwa moja tu: alisema cherehani inamwamsha mtoto. Nilimwambia siyo, akaona namstahi. Ndipo Desimali akasema jambo hili lipimwe. Siku kumi Bosi alilala mara mbili kwa siku, mara moja cherehani ikilia na mara moja ikiwa kimya. Ipi itangulie, Soli aliamua kwa kurusha kizibo cha soda kila asubuhi, ili asiwepo wa kupendelea. Dakika niliandika mimi. Na sikuwaomba, lakini siku zote kumi, Bosi akishafumba macho, Soli aliweka nyundo akashika gundi, na Spika akaifunika redio yake kwa taulo. Jioni ya siku ya kumi tukakusanyika kusikiliza majibu. Kesho yake mkokoteni ulikuwa uje kuchukua cherehani.

Desimali alifungua daftari, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Spika: Mzee, soma basi! Unatutesa kama matokeo ya mtihani.

Desimali: Nimeweka usingizi wote wa kelele fungu moja, usingizi wote wa ukimya fungu la pili, nikalinganisha. Kwa wastani, cherehani ikilia, mtoto analala dakika saba zaidi.

Spika: Saba zaidi! Fundi, fungua mizigo!

Desimali: Tulia wewe. Saba ni ya siku hizi kumi. Tungepima siku nyingine kumi tungepata namba nyingine. Kwa hiyo hesabu hainipi namba moja, inanipa masafa, kutoka hapa mpaka pale. Kutoka pungufu dakika kumi na tisa, mpaka zaidi dakika thelathini na tatu.

Mguu wa fundi ukaganda kwenye kanyagio.

Fundi: Pungufu kumi na tisa? Mtoto anaibiwa dakika kumi na tisa na mimi hapa nakanyaga tu?

Desimali: Inawezekana. Inawezekana pia anaongezewa thelathini na tatu.

Spika: Hayo siyo masafa, mzee. Hilo ni pori. Mtu akinituma dukani na maelekezo hayo nalala njiani.

Soli akatema misumari kiganjani. Tukamgeukia wote, maana Soli akitema misumari ana neno.

Soli: Mzee, siku ya sita Bosi alikuwa anaota jino. Hakulala cha maana asubuhi wala mchana.

Desimali: Nakumbuka.

Soli: Na siku ya tatu alilala kama gunia mara zote mbili.

Desimali: Ndiyo.

Soli: Sasa wewe umechukua usingizi wa siku ya jino ukaulinganisha na usingizi wa siku ya raha?

Desimali: Nimeuchanganya kwenye mafungu...

Soli: Mimi nikimwaga viatu vyote vya kushoto huku na vya kulia kule, nitajuaje kipi kinaisha haraka? Cha kushoto cha Spika nakipima na cha kulia cha Spika. Mtu mmoja, barabara moja. Hiyo ndiyo jozi.

Desimali alizirudia kwa kidole namba za siku ya sita. Mzee mwingine angekasirika.

Desimali: Miaka thelathini na moja nukta tano ofisini, nimekuja kukumbushwa jozi na fundi viatu. Asante, bwana. Mwanangu, nipe penseli.

Nikampa penseli na kikombe cha kahawa, hicho sikukidai hela. Akaanza upya, kila siku na yenyewe: dakika za kelele kutoa dakika za ukimya. Soli alimshikia karatasi upepo usiichukue. Bosi alikuwa mgongoni kwangu, macho wazi, anatafuna mkanda wa mbeleko.

Spika: Mimi nimeshamaliza! Cherehani imeshinda siku sita, ukimya umeshinda nne. Sita kwa nne, mpira umekwisha!

Desimali: Sita kwa nne hata kizibo kinatoa.

Soli akakitoa kizibo mfukoni, akakirusha mara kumi juu ya benchi. Tukahesabu wote kwa sauti. Kikaja sita kwa nne.

Spika: Basi kizibo nacho kinamlaza mtoto!

Tulicheka mpaka benchi likayumba.

Spika: Lakini nisikilizeni, kuna kitu hapa. Cherehani inagonga kama moyo wa mama. Mtoto anadhani bado yuko tumboni.

Soli: Tumboni kuna cherehani?

Spika: Au anahesabu mishono! Ikifika elfu moja, kichwa kinajaa, analala.

Mimi: Shemeji, kutambaa kwenyewe bado.

Spika: Ndiyo hatari yenyewe, atamaliza hesabu kabla ya kutambaa. Mimi nasema fundi apandishwe mkokoteni, azungushwe nyumba kwa nyumba anashona. Watoto wote wa mtaa walale saa nane mchana. Wazazi wapumzike. Mwaka mmoja tu, hutasikia mtu anagombana foleni ya maji!

Soli: Mimi naona Bosi halali kabisa. Anafumba macho asikilize umbea wako.

Fundi peke yake hakucheka sana. Alikuwa anakunja suruali ya mteja wake wa mwisho, anaipiga pasi kwa kiganja.

Desimali: Tayari. Wastani ni uleule, saba zaidi. Lakini masafa yamekaza. Kutoka pungufu mbili na nusu, mpaka zaidi kumi na sita na nusu. Uhakika asilimia tisini na tano.

Spika: Kwa hiyo Bosi akilala mara mia, mara tisini na tano tofauti itakuwa humo ndani!

Desimali: Hapana! Siku ya kwanza tu tofauti ilikuwa ishirini na tano, iko nje kabisa. Masafa haya ni ya wastani, siyo ya siku moja moja. Na hiyo tisini na tano ni sifa ya njia ya kupima, siyo ya jibu hili moja.

Spika: Hapo umenipoteza, mzee.

Fundi: Mimi nimeelewa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu siku ile.

Fundi: Kiuno cha mteja ni kimoja, lakini futi ya kupimia inadanganya kidogo. Leo kavuta pumzi, kesho kala. Kwa hiyo naacha kitambaa kidogo ndani ya mshono. Nikiacha kiasi kilekile kwa wateja mia, kama tisini na tano nguo itawaingia. Lakini huyu aliyesimama mbele yangu, nguo inamwingia au haimwingii. Siwezi kumwambia imemwingia asilimia tisini na tano.

Soli: Ingekuwa imeishia magotini.

Desimali: Fundi, ungekuja ofisini kwetu ungetupunguzia vikao.

Spika: Sawa, jibu ni lipi? Inamlaza au haimlazi?

Desimali: Sifuri, yaani hakuna tofauti, imo ndani ya masafa. Siwezi kusema inamlaza.

Spika: Kwa hiyo haimlazi.

Desimali: Sikusema hivyo.

Spika: Sasa unasema nini?

Desimali: Nasema siwezi kusema.

Spika: Siku kumi! Redio chini ya taulo siku kumi, nisikie kwamba huwezi kusema!

Fundi: Mwacheni mzee. Mimi nimesikia la kunitosha. Pungufu imo. Kesho mkokoteni ukija napakia.

Akaanza kuviringisha uzi kwenye kigurudumu chake, polepole, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka usikike. Roho iliniuma. Mtu huyu Bosi alipokuwa na homa alishona kwa mkono siku nzima, pindo kumi na moja, vidole vikavimba, akasema umeme hautoshi. Na mashine yake ni ya kukanyaga.

Mimi: Mzee, hiyo pungufu mbili na nusu, ndiyo mbaya kuliko zote?

Desimali: Kwa kadiri siku kumi zinavyoweza kuona, ndiyo. Mbaya zaidi ya hapo haielekei.

Mimi: Dakika mbili na nusu?

Desimali: Na nusu.

Mimi: Jamani, dakika mbili na nusu mimi namtafutia soksi moja! Baba yake akipiga chafya Bosi anapoteza zaidi ya hizo. Ninyi mnagombania sifuri imo, sifuri haimo. Mimi nauliza mtoto wangu ataumia kiasi gani, mkikosea kabisa. Kumbe ni nusu ya kubadilisha nepi! Na upande wa pili kuna robo saa ya kupata.

Desimali akachukua penseli, akayaandika maneno yangu daftarini, neno kwa neno, akaweka tarehe.

Desimali: Mwanangu, mimi nilikuwa natazama kama sifuri imo. Wewe umetazama mwisho wa masafa. Hapo ndipo pa kutazama.

Spika: Fundi, umesikia? Nepi nusu!

Fundi: Nimesikia, kaka. Lakini dada anasema hivyo kwa sababu ana moyo mzuri. Dakika mbili na nusu za mtoto bado ni zake.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja tusiyewahi kumwona, mfuko mkononi, ndani yake sketi. Aliulizia fundi. Spika akamweleza yote kwa pumzi moja: cherehani, kizibo, jino, jozi, sifuri, kiuno, nepi na mkokoteni wa kesho. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu.

Mama: Poleni sana na kazi. Kwani nani alilalamika?

Spika alimgeukia Desimali. Soli alitazama misumari yake. Desimali alirudi ukurasa wa kwanza wa daftari, akatafuta, akalifunga.

Mama: Nauliza tu. Aliyesema mtoto anasumbuliwa ni nani?

Fundi alinitazama mimi. Mimi nikamtazama yeye.

Fundi: Mara moja alilia nikiwa nashona begi... nikaona tu...

Mama: Mtoto ndiye alikwambia uhame?

Mgongoni kwangu Bosi akapiga kelele ya furaha, bila sababu yoyote, akaendelea na mkanda wake.

Mama: Haya, mimi pindo limeachia. Naomba unishonee, wiki ijayo nina safari.

Desimali: Kati ya siku gani na siku gani?

Mama: Alhamisi.

Fundi aliipokea sketi, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono mpaka palipoachia. Akavuta kiti chake, akakaa.

Fundi: Alhamisi asubuhi itakuwa tayari. Njoo hapahapa.