Risasi Juu ya Nyota

Benchi la kijiwe cha Kasingirima lina miguu mitatu na tofali, na alasiri ile Kassimu, fundi injini za boti, alikalia upande wa tofali bila hata kulalamika. Binti yake Ikram angepiga simu muda wowote, akitaka ruhusa ya kwenda ng'ambo miaka minne kusomea nyota. Kassimu alikwishaelezwa, akaelezwa tena, na kila mara kichwa kikazidi kuwa kizito. Akayamwaga kijiweni.

— Nyota imekufa, limebaki kaa la moto. Vitu vizito vilitakiwa vizame ndani. Lakini wakiuchunguza mwanga wake, wanakuta risasi iko juu!

Assani, aliyeitwa Redio kwa kutozimika, akashtuka.

— Risasi? Nani kaipiga?

— Risasi ya nyavu, wewe! Jonathan, mvuvi wa dagaa, alimkatiza. Madini. Na risasi haielei, Kassimu. Mwanao kadanganywa.

— Wameiona kwenye mwanga wa urujuanimno.

— Ndiyo rangi gani hiyo?

— Haionekani kwa macho.

— Ahaa! alisema Redio. Risasi inayoelea, kwa mwanga usioonekana. Hapo umepigwa, mzee.

— Anasema nyota ina joto kali mno. Mwanga unatoka ndani, unaisukuma juu.

Jonathan akafikiri.

— Kama dagaa, basi. Ukiwasha taa, wanapanda. Risasi imefuata taa.

— Kwani risasi ina macho?

— Ya huko labda inayo.

— Basi tufunge taa chini ya boti itusukume, tuachane na petroli!

Wakacheka. Kassimu hakucheka. Angemwambia nini mkewe, kwamba mtoto anakwenda mbali kufuata risasi yenye macho?

Mama mmoja mgeni, Rahabu, alikuwa amesimama akisubiri kahawa.

— Samahanini. Hiyo risasi ilifikaje huko kwenye nyota?

Kabla hajajibiwa, simu ya Kassimu ikaita.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Ikram, hiyo risasi ilitoka wapi?

— Hatujui, baba. Hakuna anayejua kwa hakika. Ndicho ninachotaka kwenda kutafuta.

Kassimu aliingoja hasira, haikuja. Kwa mara ya kwanza, yeye na binti yake walikuwa hawajui kitu kilekile.

— Nenda, mama. Ukijua, nipigie.