Akumu Concy Olal, Aliyeandikwa Orar

Historia hii ilikuwa isomwe na baba wa marehemu, Konstebo Olal, lakini asubuhi hii amesema koo limemkauka, na mdogo wake Okeny amesema amesahau miwani, kwa hiyo karatasi imesukumwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Lakica, mama yao, bibi yake marehemu, ambaye aliishia darasa la tatu na Kiswahili alifundishwa na wake wa askari penye bomba la maji, wala hakuiomba kazi hii, na kama wanaume wa nyumba hii walitaka isomwe kwa upole, wangemtafuta mwingine.

Marehemu Akumu Concy Olal alizaliwa tarehe 9 Agosti 2003, nje ya mji wa Kitgum, katika kambi ya watu waliokimbia vita, akiwa mtoto pekee wa Olal na marehemu Vera. Mwaka 2005 baba yake aliajiriwa polisi, familia ikahamia Kampala, kwenye kambi ya polisi upande wa Bukoto, na huko ndiko madaktari walikogundua kwamba mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaovunja mifupa bila kumgusa mtu. Mama yake alipofariki mwaka 2011, alilelewa na Lakica, na wanaosema alidekezwa waje waonyeshwe ndoo alizobeba.

Alisoma shule ya msingi ya hapo kambini toka 2010 hadi 2016, kisha sekondari toka 2017, akafanya mtihani wa kidato cha nne Machi 2021, baada ya shule kufungwa kwa ule ugonjwa wa dunia nzima na yeye kusomea jikoni, daftari likinuka vitunguu. Mwaka 2022 alifanya kazi katika mkahawa mmoja Kabalagala, akikaanga chipsi na kuwarudisha walevi kwenye viti vyao, na Agosti 2023 akaingia chuo cha jamii kilichoko upande wa Nateete, kusomea utunzaji wa kumbukumbu za hospitali. Jina la chuo halitatajwa, kwa sababu wanafunzi wake wamejaa hapa uwanjani na hawana kosa.

Siku ya kujiandikisha, karani wa chuo, Sulaimani, alimwuliza kama Olal ni kwa L au kwa R, naye akamjibu kwa L, zote mbili. Lakini Sulaimani alikuwa amechekwa muhula mzima kwa kutangaza siku ya kupiga kula, na kwa kuogopa kuchekwa tena, kila L iliyopita mbele yake aliigeuza R, ndipo kitambulisho kikatoka kimeandikwa Akumu Concy Orar. Alipokileta nyumbani, Lakica alicheka, akamwambia kwamba sasa ameolewa na ukoo usiojulikana, na kicheko hicho Lakica anakijutia.

Novemba 2024 marehemu alichaguliwa kuwa mwakilishi wa afya katika serikali ya wanafunzi, akakuta sheria ya kumi na nne, isemayo kwamba zahanati ya chuo haimhudumii mtu, wala lango halimfungulii mgonjwa, kama jina la kitambulisho halilingani na jina la orodha ya wagonjwa. Akapita darasa kwa darasa, akakusanya majina mia mbili na kumi na manne yaliyoharibiwa, na mwezi Januari akayapeleka kwa mkuu wa huduma za wanafunzi, Bwana Masinde. Huyo alimwambia, binti yangu, sheria hii inatulinda na wagonjwa bandia kutoka mtaani, mwenye shida ya jina aende kwa wakili akaape, na marehemu akamjibu, mzee, mtu anayekata roho atapanga foleni kwa wakili saa ngapi. Masinde alicheka, akaweka chupa yake ya chai juu ya ile karatasi, nayo ikakaa hapo miezi miwili.

Marehemu hakuolewa na hakuacha mtoto, vijana wawili walikuja kumwulizia na hawakupita mlango wa jiko, na Lakica halisemi hilo kwa kujivuna.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, kifua kilimbana darasani, na rafiki yake Babra akamshika mkono mpaka zahanati. Muuguzi Rahmah alifungua orodha, akamwona Olal, akatazama kitambulisho, akamwona Orar. Rahmah alikuwa ameshapewa barua mbili za onyo kwa kuwahurumia watu wa namna hiyo, hivyo alimpa maji na dawa ya maumivu, akamtuma Babra kuomba sahihi ya Masinde. Masinde alisema ya wakili. Babra akakimbilia lango, mlinzi akasema bila kibali hata boda haiingii, akarudi kwa Masinde, akaambiwa huyu mwakilishi wenu ndiye anayetaka kunionyesha kazi, leo aonje sheria, na mara ya tatu akakuta mlango umefungwa kwa ndani na redio inasikika. Saa saba na nusu Rahmah aliirusha orodha sakafuni, akambeba mgonjwa mgongoni mpaka langoni, akamwambia mlinzi apige risasi au afungue, na mlinzi akafungua. Hospitalini walikuta mapafu yameshakosa hewa, na marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Waliokuja kumwambia Lakica kwamba ni mpango wa Mungu, wakamwulize Mungu kama yeye ndiye aliyefunga ule mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku mbili, majirani wa kambini waliopika bila kuuliza dini ya mfiwa, askari wenzake Olal waliotoa gari la kutupeleka Kitgum kesho, na wanafunzi wote. Rahmah anashukuriwa, na anajua mwenyewe kwamba alichelewa, kwa hiyo Lakica haongezi neno. Sulaimani yupo pale nyuma, analia toka jana, apewe chai.

Pumzika, Akumu, kwa amani uliyonyimwa langoni, sisi tumebaki na kelele. Na ili mtu yeyote asiondoke akiuliza, Masinde amelipa hivi. Ijumaa wanafunzi walikaa mbele ya ofisi yake bila kuvunja hata kioo, Jumamosi baraza la chuo likakutana, sheria ya kumi na nne ikafutwa, naye akaondolewa kazini, na nyumba ya chuo aliyokaa miaka tisa ameambiwa aiache kabla ya mwezi kwisha. Serikali ya wanafunzi ilikataa aondoke kabla hajamaliza kazi moja, akawekewa meza ukumbini, wanafunzi mia mbili na kumi na watatu wakapanga foleni, naye akasahihisha majina yao kwa mkono wake, kila mmoja akimtamkia herufi moja moja, na alipokosea walimrudisha mwanzo. Jana jioni alikuja hapa na bahasha ya mabugo, pesa za rambirambi, Lakica akairudisha ikiwa imefungwa vilevile, akamwambia akae kwenye mkeka, atamke jina la mtoto mbele ya wanawake wa kambi. Masinde ni mtu mzima, ana digrii mbili ukutani, na alilitamka mara saba ndipo sauti yake ikafika mwisho wa jina.